Kutoka bohari hadi nyota nne: Safari ya Jenerali Ann Dunwoody na somo lake kwa Kariakoo

KILA siku maelfu ya watu hupita katika mitaa ya Kariakoo, jijini Dar es Salaam, kununua na kuuza, bila kufikiri kwamba jina la eneo hilo limetoka jeshini. Kariakoo ni matamshi ya wenyeji ya maneno Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi waliolitumikia jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Baada ya Waingereza kuuteka mji wa Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani, Septemba 1916, wapagazi hao waliwekewa kambi mahali ambapo leo pana maduka ya vitenge, vyombo na simu. Jijini Nairobi nako kuna soko la Kariokor, ambalo jina lake lina asili hiyo hiyo.

Kazi ya wapagazi haikuwa kupiga risasi. Walibeba chakula, dawa, maji na risasi za wengine. Wanahistoria wanakadiria kwamba zaidi ya 90,000 kati yao walifariki katika vita vya Afrika Mashariki, wengi kwa maradhi na njaa. Sanamu ya Askari iliyoko Barabara ya Samora, iliyozinduliwa mwaka 1927, inamwonyesha mpiganaji mwenye bunduki, lakini maandishi yaliyo chini yake yanawataja pia wapagazi.

Kwa lugha ya kijeshi, kazi hiyo huitwa ugavi, au lojistiki. Ni kazi isiyo na sifa nyingi. Hata hivyo, ndiyo iliyomfikisha mwanamke wa kwanza nchini Marekani kwenye cheo cha Jenerali wa nyota nne, na ndiyo iliyompa elimu anayoitumia kama mshauri wa uongozi baada ya kustaafu. Mwanamke huyo ni Ann Dunwoody.

Makala haya yanaeleza safari yake, yanaitazama njia kama hiyo hapa Afrika Mashariki, na yanauliza mfanyabiashara wa Kariakoo anaweza kujifunza nini kwake.

Kuzaliwa na kusoma

Ann Dunwoody alizaliwa Januari 14, 1953, katika kambi ya Fort Belvoir, jimbo la Virginia, katika ukoo wa wanajeshi. Baba yake, Harold Dunwoody, alifikia cheo cha Brigedia Jenerali na kupigana katika Vita Kuu ya Pili, Korea na Vietnam. Babu yake na baba wa babu yake nao walikuwa maofisa waliosoma katika chuo cha kijeshi cha West Point.

Yeye hakuweza kufuata nyayo hizo, kwa kuwa West Point haikupokea wanawake hadi mwaka 1976. Wa kwanza kuhitimu, wakiwa 62, walimaliza mwaka 1980. Dunwoody alisomea elimu ya viungo katika chuo cha Cortland, jimbo la New York, na nia yake ilikuwa kuwa mwalimu na kocha wa michezo.

Alipohitimu mwaka 1975 alijiunga na jeshi kwa makusudio ya kutumikia miaka miwili tu. Miaka hiyo miwili iligeuka kuwa 37.

Kikosi cha pembeni

Ili kuielewa safari yake, lazima kwanza kuelewa sheria aliyoikuta. Mwaka 1948 Marekani ilipitisha sheria iliyowaruhusu wanawake kuwa wanajeshi wa kudumu, lakini kwa masharti. Idadi yao haikutakiwa kuzidi asilimia mbili ya jeshi, na cheo cha juu walichoweza kukishika kwa kudumu kilikuwa Luteni Kanali. Ukanali ulitengwa kwa mkurugenzi wa kikosi chao peke yake, tena kwa muda.

Masharti hayo yaliondolewa Novemba 1967, wakati wa Rais Lyndon Johnson. Miaka mitatu baadaye, Juni 11, 1970, Anna Mae Hays wa kitengo cha wauguzi na Elizabeth Hoisington wa kikosi cha wanawake wakawa wanawake wa kwanza nchini humo kupewa ubrigedia jenerali.

Hata hivyo, wanawake wengi waliendelea kuhesabiwa katika kikosi chao cha pembeni, chenye mkuu wake na ngazi yake ya vyeo. Hadi mwaka 1975, mwanajeshi mwanamke aliyepata ujauzito aliweza kuachishwa kazi kwa sababu hiyo tu. Dunwoody aliapishwa kuwa Luteni Usu ndani ya kikosi hicho hicho, na akakishuhudia kikivunjwa mwaka 1978. Kuanzia hapo maofisa wanawake walianza kushindania vyeo katika jeshi moja na wanaume.

Daftari la mali

Vikosi vya kupambana vilibaki vimefungwa kwa wanawake kwa miaka mingi zaidi. Zuio la mwisho lilitanguliwa Januari 2013, naye alikuwa ameshastaafu. Kwa hiyo njia iliyokuwa wazi kwake ilikuwa matengenezo, uchukuzi na ugavi. Alianzia Fort Sill, jimbo la Oklahoma, katika kampuni ya matengenezo.

Alipohamishiwa Divisheni ya 82 ya askari wa miavuli, Fort Bragg, jimbo la North Carolina, alikuwa tayari ni Meja mwenye uzoefu na shahada ya uzamili katika usimamizi wa ugavi. Ameeleza mwenyewe kwamba alitarajia kupewa nafasi ya uongozi inayolingana na cheo chake, lakini akakabidhiwa kazi ya kutunza daftari la mali, ambayo kwa kawaida hupewa ofisa wa chini.

Aliifanya. Kazi ya daftari la mali ni kujua kila kitu kilicho mkononi mwa kikosi: kiko wapi, kiko katika hali gani, nani amekitilia saini. Ofisa anayelijua daftari hilo kikamilifu anakijua kikosi kuliko wengi walio juu yake. Wakati wa Vita vya Ghuba, mwaka 1990 na 1991, alikuwa ofisa wa miavuli wa divisheni hiyo, na mwaka 1992 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza batalioni ndani yake.

Mwaka 2000 alipandishwa cheo na kuwa Brigedia Jenerali, mwanamke wa kwanza wa ngazi hiyo katika kambi ya Fort Bragg. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, alisimamia ugavi wa majeshi yaliyokwenda Afghanistan kutokea nchini Uzbekistan. Mwaka 2004 aliongoza kamandi inayofundisha na kupanga ugavi wa jeshi zima, na mwaka 2005, akiwa Luteni Jenerali, akawa msimamizi mkuu wa ugavi makao makuu.

Novemba 14, 2008, alivishwa nyota ya nne na kukabidhiwa Kamandi ya Vifaa ya Jeshi la Nchi Kavu. Kamandi hiyo ilikuwa na watumishi wapatao 69,000, wengi wao raia, katika majimbo yote 50 ya Marekani na katika nchi kadhaa duniani. Chini ya uongozi wake makao makuu yalihamishiwa Huntsville, jimbo la Alabama. Alistaafu mwaka 2012.

Baada ya gwanda

Ofisa mwandamizi anayestaafu akiwa na afya njema huwa na njia chache mbele yake: siasa, ubalozi, kilimo, kampuni za ulinzi au kufundisha. Dunwoody alichagua kufundisha. Alianzisha kampuni ya ushauri wa uongozi iitwayo First 2 Four, jina linalokumbusha safari yake kutoka Luteni hadi Jenerali wa nyota nne, na mwaka 2015 alitoa kitabu kuhusu uongozi, A Higher Standard. Aidha, aliingia katika bodi za wakurugenzi za kampuni kadhaa kubwa.

Mshauri wa uongozi hauzi bidhaa inayoonekana. Hualikwa kuzungumza na mameneja, hukaa na mkurugenzi mmoja mmoja na kumsikiliza, hukagua jinsi maamuzi yanavyofikiwa katika taasisi, kisha hueleza pale panapovuja. Thamani yake ni mambo aliyoyapitia na ujasiri wa kumwambia mkubwa ukweli ambao walio chini yake wanaogopa kuusema.

Mafundisho ya Dunwoody yanaweza kufupishwa katika mambo matatu. La kwanza ni kutolipita kosa. Kiongozi anayeliona kosa dogo akanyamaza, kwa maelezo yake, amekwishaweka kipimo kipya kilicho chini kuliko cha jana, na wote waliomwona wameelewa hivyo. Wahenga wetu walilisema mapema: mdharau mwiba, mguu huota tende.

La pili ni kuwathamini wanaoijua kazi. Mara nyingi amemtaja sajini wake wa kwanza kuwa ndiye aliyemfundisha uofisa alipokuwa Luteni mgeni. Jeshini, Luteni Usu ana cheo kikubwa kuliko sajini mwenye miaka 20 kazini, lakini Luteni mwenye akili humsikiliza sajini wake.

La tatu ni kuandaa warithi. Kamanda hukaa katika nafasi yake miaka michache tu, na anajua siku atakayoondoka. Kwa hiyo ni sehemu ya kazi yake kuhakikisha kwamba siku hiyo mambo hayasimami.

Si kila mtu anayeufurahia mkondo huu wa majenerali kuingia katika biashara. Wakosoaji nchini Marekani kwa miaka mingi wamehoji ofisa aliyesimamia manunuzi makubwa ya jeshi kuingia katika bodi za kampuni zinazoliuzia jeshi vifaa. Dunwoody mwenyewe alijiunga na bodi ya L-3, kampuni ya vifaa vya ulinzi, baada ya kustaafu. Sheria ya huko inaruhusu jambo hilo kwa masharti, lakini mjadala haujaisha.

Jirani zetu wa Kariokor

Msomaji anaweza kudhani kwamba hayo ni mambo ya Marekani tu. Nchini Kenya, Fatuma Gaiti Ahmed alipitia njia inayofanana mno na hiyo.

Alijiunga na jeshi mwaka 1983 katika kikosi cha wanawake kilichoundwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kama ilivyokuwa Marekani, kikosi hicho kilikuwa na ngazi yake fupi. Kilivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1990, na maofisa wake wakagawanywa katika kamandi za kawaida. Yeye alikwenda Jeshi la Anga.

Matokeo yalionekana baada ya miaka kadhaa. Mwaka 2015 alikuwa mwanamke wa kwanza nchini Kenya kupata cheo cha Brigedia. Julai 2018, Rais Uhuru Kenyatta alimpandisha kuwa Meja Jenerali, wa kwanza pia, na kumpa usimamizi wa utumishi na lojistiki katika makao makuu ya majeshi.

Mei 2024, katika mabadiliko yaliyofuata kifo cha Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, aliyefariki katika ajali ya helikopta Aprili 18, 2024, Rais William Ruto alimteua Fatuma kuwa Kamanda wa Jeshi la Anga. Hakuna mwanamke aliyewahi kuongoza kamandi nzima ya jeshi nchini humo kabla yake.

Nchini Uganda historia ni tofauti. Proscovia Nalweyiso alipanda kutoka vita vya msituni vya miaka ya 1980 vilivyomwingiza Yoweri Museveni madarakani. Huko aliongoza wapiganaji wanawake, na miongo kadhaa baadaye akawa mwanamke wa kwanza wa nchi hiyo kufikia cheo cha Luteni Jenerali.

Ukizilinganisha Marekani na Kenya, jambo moja linajitokeza. Wanawake hawakuwa na uwezo mdogo mwaka 1975 au 1983 kuliko baadaye. Kilichobadilika ni mpangilio. Kikosi cha pembeni kilipoondolewa, ofisa aliyekuwa akipimwa na wanawake wenzake tu alianza kupimwa na wote, na ngazi ya ugavi, ambayo wanaume wengi hawakuigombea sana, ikampeleka juu.

Hali ilivyo nchini

Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilianzishwa Septemba 1, 1964, baada ya maasi ya Januari mwaka huo yaliyoanzia kambi ya Colito, leo Lugalo. Mwaka mmoja kabla yake, Julai 10, 1963, lilikuwa limeanzishwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), ambako vizazi vya wasichana na wavulana vimepita pamoja. Mafunzo ya lazima kwa wahitimu yalisimamishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013.

Ofisa wa JWTZ huanzia Luteni Usu, kisha Luteni, Kapteni, Meja, Luteni Kanali na Kanali. Juu ya hapo huanza ujenerali: Brigedia Jenerali, Meja Jenerali, Luteni Jenerali na hatimaye Jenerali, cheo ambacho kwa kawaida hushikwa na Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi. Wanawake wa Tanzania wamekwishaingia katika ngazi za ujenerali, ingawa cheo cha juu kabisa bado hakijafikiwa na mwanamke.

Uongozi wa kiraia juu ya jeshi ulitangulia. Machi 19, 2021, Samia Suluhu Hassan aliapishwa kuwa Rais, na hivyo kuwa mwanamke wa kwanza kuwa Amiri Jeshi Mkuu nchini. Septemba mwaka huo alimteua Dkt. Stergomena Tax kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa.

Maofisa wastaafu wa Tanzania wamezoea zaidi kuonekana katika ukuu wa wilaya na mikoa, katika ubalozi na katika bodi za mashirika ya umma. Ushauri wa uongozi kama biashara ya kujitegemea bado ni kazi changa. Lakini mahali pa wanajeshi na raia kujifunza pamoja papo: Chuo cha Taifa cha Ulinzi kilichofunguliwa Kunduchi, Dar es Salaam, mwaka 2012, hupokea maofisa waandamizi wa jeshi pamoja na watumishi wa ngazi za juu serikalini.

Somo kwa Kariakoo

Mtu anaweza kuuliza, mwenye duka la jumla Mtaa wa Kongo au Msimbazi ana haja gani na mafundisho ya majenerali?

Kwanza, biashara ya Kariakoo ni ugavi mtupu. Mzigo hutoka Guangzhou au Dubai, hupita bandarini, hupandishwa ghorofani kwa mabega ya wapagazi wa leo, kisha huondoka kwa malori kwenda Mwanza, Lubumbashi, Lusaka na Lilongwe. Anayejua kilichopo stoo, kilichokopeshwa na kilicho njiani, hulala usingizi. Asiyejua huendesha duka kwa kubahatisha. Daftari la mali alilokabidhiwa Meja Dunwoody halina tofauti kubwa na lile ambalo mwenye duka hulihitaji kila jioni.

Pili, duka ambalo siri zake zote zimo kichwani mwa mwenye nalo liko hatarini siku anapougua. Jeshi haliruhusu kamanda asiye na msaidizi anayeweza kushika nafasi yake. Mama aliyejenga biashara kwa miaka 30 na hajamfundisha mtu kusoma hesabu zake ameacha mlango wazi kwa ugomvi wa warithi.

Tatu ni lile la kutolipita kosa, na hili Kariakoo imelipia kwa uchungu. Usiku wa Julai 10, 2021, moto uliteketeza jengo la soko kuu, lililobuniwa na msanifu majengo Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa liliporomoka asubuhi watu wakiwa kazini, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Waokoaji, wakiwamo wanajeshi, walichimba kwa siku kadhaa wakiwatafuta waliofukiwa, na Serikali ikaagiza majengo ya eneo hilo yakaguliwe.

Si kazi ya makala haya kusema nani alikosea. Lakini yeyote aliyewahi kupanga fremu Kariakoo anajua jinsi macho yanavyozoea: waya uliochubuka juu ya ngazi, mlango wa dharura uliozibwa na mabelo, ufa unaopakwa rangi kila mwaka. Mamia hupita hapo kila siku, na kila anayepita kimya huongeza uzito wa jambo hilo.

Hata hivyo, mafundisho ya jeshi yasichukuliwe yote kama yalivyo. Askari hawezi kukataa amri halali wala kuacha kazi asubuhi moja, ilhali kijana wa dukani anaweza kuhamia duka la jirani kabla ya adhuhuri. Sauti ya gwaride haifai katika duka. Kinachofaa ni nidhamu ya mwenye duka mwenyewe: kufika mapema, kuhesabu kwa haki, kukagua, kumsikiliza mzoefu na kulisema kosa siku linapoonekana.

Zaidi ya miaka 100 iliyopita, wapagazi waliolala Kariakoo walibeba vita vya watu wengine, na jina la kikosi chao ndilo lililobaki. Maofisa wanawake waliowekwa kwenye bohari na madaftari ya mali, kwa kudhaniwa kwamba huko ndiko kwa wasiopigana, wameonyesha kwamba anayejua mzigo ulipo anaweza pia kuongoza jeshi. Kwa wanawake wanaofungua milango ya maduka Kariakoo alfajiri na kuanza kuhesabu mabelo, hiyo si habari ya mbali.